Vitunda Vyeusi vya Mnavu

Merrylands, Jumamosi, saa kumi jioni

Nuru mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. U mzima, una njaa, na umelikalia sanduku ili lifungike. Nakusikia kupitia ukuta. Kesho saa kama hizi utakuwa Perth kwa mama yako na chumba hicho kitakuwa kimya, kwa hiyo naandika leo.

Sitakuandikia kuhusu kupiga mswaki, wala kumwamkia mama yako, wala soksi zako unazozificha chini ya kitanda. Hayo atakwambia mwenyewe kila siku mpaka uyachoke. Nataka kukuandikia kuhusu bustani ya Bibi, na kuhusu kosa nililolifanya humo mwaka jana, ambalo mpaka saa hii linajulikana na watu wawili tu. Mmoja ni mimi. Mwingine ni wewe.

Kwanza hilo neno "mwanangu". Mama yako ni dada yangu mkubwa, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Ndiyo maana unaniita mamdogo ingawa nina miaka kumi na sita na bado navaa sare. Mwaka juzi niliandika insha ya Kiingereza kuhusu asubuhi za nyumbani kwetu, nikasema namsuka mwanangu nywele kabla hatujaenda shule. Siku mbili baadaye mshauri wa wanafunzi aliniita ofisini, akafunga mlango taratibu, akanimiminia maji, akaniuliza kwa upole mtoto ana umri gani. Nikasema sita. Niliona anahesabu kichwani. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja. Badala yake niliona aibu, nikasema, "Nilikosea neno." Alifurahi sana. Nilitoka ofisini nikiwa nimekukana, na hata sikuligundua hilo mpaka nilipofika kituo cha basi.

Nakwambia hili ili ujue kwamba kosa la bustani halikuwa la kwanza. Lilikuwa tabia.

Ulikuja kwetu ukiwa na miaka mitatu. Mama yako alikuwa ameanza kazi ya unesi Perth, amepanga chumba kimoja, anafanya zamu za usiku, na hana mtu wa kumwachia mtoto. Alisema miezi sita. Imekuwa miaka mitano. Usimlaumu. Nilikuwa nasikia anavyolia kwenye simu ukishamaliza kumwimbia na kumrudishia Bibi simu.

Wakati huo mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza amemruhusu Bibi achimbe nyasi za uani. Bibi alichimba hadi kwenye uzio. Alikuwa anakufunga mgongoni kwa kanga huku anapanda, na wewe ulikuwa unamng'oa nywele moja moja kama anayepalilia. Neno lako la kwanza la Kiswahili baada ya "Bibi" lilikuwa "choya", kwa sababu Bibi hakubali kuiita rosela kama watu wengine. Neno la pili lilikuwa "bado". Ulikuwa unachuma kila kitu kabla ya wakati, na sisi tulikuwa tunakwambia bado, bado, mpaka ukaanza kutwambia sisi tukifungua jokofu.

Leo Machi inaelekea mwisho na uani kumechangamka kuliko mwezi wowote. Juzi nilitaka kukufungia mbegu za choya kwenye karatasi, mama yako akanikataza kwenye simu. Amesema huko kwao hawaruhusu mbegu, wala miche, wala matunda mabichi kutoka majimbo mengine. Ukishuka tu kwenye ndege unakuta mapipa, unatupa ulichonacho. Basi mbegu zimebaki kwenye kopo. Nikafikiri, maneno hawayakagui.

Choya imeanza kuchanua. Ua lake ni la rangi ya maziwa, katikati jekundu la kuiva, na linaishi siku moja. Likianguka, kikombe kilichokuwa kinalishika kinaanza kunenepa na kuwa chekundu, na hicho ndicho tunachokula. Mara ya kwanza nilipopika jamu peke yangu nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilivibandua vile vikombe, nikavitupa vile vifuko vya kijani vya mbegu vilivyo ndani, nikachemsha na sukari, nikapata maji mekundu matamu. Tulinywa. Bibi alisubiri hadi tukamaliza ndipo akaniambia kwamba vifuko ndivyo vinavyoigandisha jamu, vinachemshwa kwanza peke yake, maji yake ndiyo yanayopikia vikombe. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alisema, "Ulikuwa na kitabu."

Maua ya boga ulikuwa unayachuma wewe, asubuhi kabla hayajajifunga, kwa sababu kidole chako kilikuwa chembamba cha kumtoa nyuki ndani bila kumkasirisha. Ulijua kuacha yale yenye kiboga kidogo shingoni na kuchuma yale yenye kikonyo kitupu. Bibi anayatia kwenye majani ya maboga yakishaiva na tui limeshachemka, dakika moja tu, ili yabaki na rangi. Halafu kuna ule mti wa barabarani mbele ya nyumba, wa hapa hapa Australia, lilipili, unaodondosha vitunda vya pinki ambavyo majirani wanavifagia. Ulinilazimisha kuvionja. Vilikuwa na ladha ya tufaha lililosahauliwa kwenye mkoba. Tulivitia kwenye jamu ya choya na Bibi akakiri kwamba imekuwa nzuri, ila akasema asitajiwe jina la mti.

Nitayakosa haya. Nimejaribu kuandika sentensi ndefu zaidi ya hiyo, nikaifuta.

Sasa mnavu.

Mnavu hatukuupanda. Uliota wenyewe kwenye uzio, na siku Bibi alipouona alipiga magoti palepale na nguo zake za kazini. Kule Muheza alikokulia ni mboga ya kila wiki. Hapa watu wanauita gugu na wengi wanaamini ni sumu moja kwa moja. Nilikwenda maktaba nikaazima kitabu cha magugu, nikakuta kwamba wengi wanauchanganya na mmea mwingine hatari, na kwamba vitunda vyake vibichi vya kijani kweli vinadhuru. Vikiiva vikawa vyeusi na laini, vinaliwa. Bibi alilijua hilo bila kitabu. Alikuonyesha wewe mwenyewe: hiki bado, hiki bado, hiki ndiyo.

Siku ile, mwaka jana mwezi kama huu, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nasoma riwaya. Ulisimama mbele yangu na kikopo chako cha chakula cha shule, ndani mna vitunda vyeusi kama ishirini.

"Mamdogo, can I take some for Priya?"

Sikuinua macho. Nilikuwa nimebakiza kurasa tano. Nikasema, "Chukua."

Kesho yake mwalimu alimwona Priya na midomo ya zambarau. Mengine unayajua: simu, ambulensi, mama wa Priya akikimbia na kandambili mguu mmoja. Priya hakuumwa hata tumbo. Wewe pia hukuumwa. Lakini tuliitwa shuleni, Bibi kama mlezi wako, na mimi kama mkalimani, kwa sababu Kiingereza cha Bibi ni cha dukani na cha kazini, hakitoshi mambo ya namna ile.

Mwalimu alikuuliza wewe kwanza nani alikuruhusu. Uliniangalia. Ulisubiri. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na niliendelea kuviangalia. Ndipo ukasema, "No one."

Ulikuwa na miaka saba, na ulinifichia siri mbele ya watu wazima wawili.

Halafu Bibi akaomba kusema. Alinyoosha mtandio, akamtazama mwalimu usoni, akasema haya. Nimeyakumbuka yote kwa sababu nimeyarudia kichwani mwaka mzima:

"Mwambie mwalimu kwamba mnavu ni mboga. Mama yangu aliupika, na mimi nimelea watoto wangu kwa mnavu. Majani yanachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa. Kitunda kibichi hakiliwi, kikiiva kinaliwa, na mjukuu wangu anajua tofauti kuliko mtu mzima yeyote hapa. Kosa lipo. Hatukumfundisha kwamba cha kwetu hakigawiwi kwa mtoto wa mwenzio kabla mama yake hajaulizwa. Hilo ni kosa langu, na mama wa yule mtoto nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini sumu sijampa mtoto wa mtu."

Nilimgeukia mwalimu. Niliona yale maneno yalivyo mengi, niliona uso wa mwalimu ulivyochoka, nikaona kwamba nikianza kuyatafsiri nitaulizwa maswali, na swali mojawapo litanifikia mimi. Nikasema kwa Kiingereza: "Anasikitika sana. Hakujua. Haitatokea tena."

Mwalimu aliinuka, akamshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili, akatikisa kichwa polepole. Bibi naye akatikisa.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na watu wanne, na wawili tu tuliosikia lugha zote mbili. Uligeuza shingo ukanitazama. Tangu siku ile hukuingia tena bustanini na Bibi. Ulisema una kazi za shule. Ulisema una baridi, mwezi wa kumi na mbili. Bibi aling'oa mnavu wote mchana mmoja, na mizizi yake, ingawa hakuna aliyemwamuru, akaniambia, "Mtoto ameanza kuzionea aibu mboga zetu. Ndiyo kukua."

Nilimwacha aamini hivyo.

Shule ilimwandikia mama yako taarifa. Mama yako akapiga simu, nikapokea mimi. Alisema, "Asia, wameandika kwamba Mama hakujua kinachoota uani kwake. Mama anazeeka. Siwezi kumwachia tena mtoto." Tangu hapo alianza kutafuta nyumba yenye vyumba viwili. Kwa hiyo sanduku unalolikalia sasa lilianza na sentensi zangu tatu fupi.

Nuru, sikuandikii ili ubaki. Mahali pako ni kwa mama yako, na angekuchukua hata bila mnavu, labda mwakani. Lakini ungeondoka bila jambo la kuficha. Ninachokiogopa ni kwamba umejifunza kwangu kwamba ukiwa na aibu unaruhusiwa kumfanya mtu unayempenda aonekane mjinga ili wewe upite salama. Ulinitazama mimi kuliko ulivyomtazama mtu mwingine yeyote nyumba hii. Nilikufundisha kusoma, na nikakufundisha hilo pia.

Nimefika hapa, kalamu ikakataa. Nimeona nakuandikia wewe maneno ambayo mwenyewe hasa yuko uani, hatua ishirini kutoka hapa. Naiacha barua kidogo.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na mbili sasa. Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu una miaka minane na yanaweza kukutoka.

Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anavunja vikombe vya kwanza vya choya.

"Mama," nikasema.

"Niletee ile sufuria ndogo."

Nikaleta. "Mama, ile siku ya shuleni kwa Nuru."

"Ya mnavu? Enhe. Yule mwalimu muungwana."

Lazima ujue kwamba Bibi amemsimulia mwalimu huyo mwaka mzima kwa wenzake wanaokuja kwetu kila Ijumaa: mzungu aliyemsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono. Nilikuwa nakaa palepale sebuleni, nagawa chai.

"Sikumwambia uliyoyasema," nikasema.

Aliendelea kuvunja. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba unasikitika. Kwamba hukujua."

"Sikujua nini?"

"Kwamba ni mmea gani. Nilimwambia kama vile hujui lolote."

Vidole vyake vikasimama. Alitazama uzio, pale palipokuwa na mnavu. "Basi alinishika mkono kwa kunihurumia," akasema.

Nilimsogezea ile sufuria.

"Na mimi nikaenda kuwasimulia wenzangu."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliokota kikombe kingine akakivunja, kisha akauliza, "Mtoto alisikia?"

"Alisikia."

"Mwaka mzima amenyamaza na hilo."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nikasema anakua." Alijipangusa mikono kwenye kanga, akaita kuelekea dirishani kwako, "Mke mwenzangu, njoo huku. Liache hilo sanduku lipumzike."

Ulitoka na soksi mguu mmoja. Bibi akakusogeza magotini kwake.

"Siku ile shuleni nilisema maneno. Unayakumbuka?"

"Yeah."

"Mamdogo wako aliyaangusha njiani. Utayaokota wewe. Yeye atakaa kwenye kiti kile, ndiye mwalimu. Mwambie kwa Kiingereza."

Ukacheka. "Bibi, this is weird."

"Hiyo weird yako utaipeleka Perth. Anza."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Ulisimama mbele yangu, mikono nyuma, na ukasema. Ulisema mnavu ni chakula. Ulisema mama wa Bibi aliupika. Ulisema vya kijani haviliwi, vyeusi vinaliwa, na kwamba wewe unajua tofauti, na hapo ulinyoosha shingo kidogo. Bibi alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Mbona fupi," akasema. "Na maji ya kwanza?"

Ukayaongeza maji ya kwanza. Ukasema kwamba kosa lilikuwa la kumpa mtoto wa watu bila kumuuliza mama yake, na Bibi anaomba radhi kwa hilo, na sumu hakumpa mtu. Hukuacha hata moja. Ulikuwa umeyabeba yote, mazima, mwaka mzima, na mimi nilidhani ni mimi tu.

Nilipotaka kuinuka, hukuondoka mbele ya kiti. Ulitazama miguu yako, ule wenye soksi na ule usio nayo, kisha ukanitazama.

"And Mamdogo said I could take them," ukasema. "I asked her. She just didn't look up."

Kwa sababu nilikuwa nimemwambia Bibi nusu, Nuru. Nilikuwa nimekiri ya kutafsiri, nikaiacha ya kuruhusu, nikaona imetosha, nikaona hata wepesi. Wewe ulijua haijatosha.

Naandika barua hii kwa Kiswahili makusudi. Bado hukisomi vizuri, kwa hiyo mama yako atalazimika kukusomea kwa sauti, na ataisikia kila sentensi ikitoka kinywani mwake: kwamba mama yetu alijua, na kwamba aliyesema hajui ni mimi. Dada Hadija, ukifika hapa, usiruke. Msomee.

Bibi aliinamisha kichwa. Anazijua sauti zetu, alijua kitu kimesemwa.

"Hayo ya mwisho si yangu," akaniambia. "Amesema nini?"

Ulinisubiri, kama ulivyonisubiri siku ile.

"Anasema aliniomba ruhusa," nikasema. "Anasema mimi ndiye niliyemwambia achukue, na sikuinua hata macho."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, Mama. Yote."

Mamdogo wako,
Asia